Jina, Toleo na Mtunzaji: Kanuni za Kufunga Vifurushi vya Programu za Linux, kwa Kuzingatia Lugha za Tetu na Mlima Kenya

1. Utangulizi

Katika Tetu, kati ya mji wa Nyeri na msitu wa Nyandarua, mkulima mdogo wa kahawa hauzi kahawa yake kwa jina lake mwenyewe. Huipeleka kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, ikapimwa uzito, ikachanganywa na ya jirani zake, na tangu hapo hadi itakaponywewa Ulaya au Marekani hujulikana kwa alama zilizoandikwa juu ya gunia. Mnunuzi hamjui mkulima, wala mkulima hamjui mnunuzi. Wote wawili huziamini alama. Alama zikikosewa, kahawa nzuri yaweza kuuzwa kwa bei ya kahawa duni, na hasara humrudia yule aliyeichuma.

Makala haya yanakusudia kueleza utaratibu wa namna hiyohiyo katika uwanja ulio mbali na shamba, yaani kanuni ambazo jumuiya za watu wa kujitolea huzifuata katika kufunga vifurushi vya programu za tarakilishi, hususan programu za mfumo wa Linux. Jambo hili aghalabu huachiwa wahandisi, kana kwamba halina uhusiano na taaluma ya lugha. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hivyo. Orodha ya maneno, kisahihishi cha tahajia, na tafsiri ya maelezo ya programu ni kazi za lugha, na kazi hizo humfikia msomaji zikiwa ndani ya vifurushi. Kazi isiyofungwa kwa kanuni hubaki mikononi mwa aliyeitunga, na mradi unapokwisha, nayo hukoma. Kwa hiyo mwanaisimu anayetaka kazi yake iishi hana budi kuzijua kanuni za kuifunga.

2. Alama za gunia

Yafaa kuanza na gunia lenyewe. Matunda mekundu ya kahawa yakishafika kiwandani hutolewa nyama, buni zikavundikwa, zikaoshwa, kisha zikaanikwa juani juu ya meza. Kahawa iliyokauka, ikiwa bado na ganda lake la ndani, hupelekwa kwenye kinu cha kukoboa. Hapo shehena hupewa nambari yake. Tarakimu mbili za kwanza hutaja juma la mwaka wa kahawa, ambao nchini Kenya huanza mwezi wa Oktoba. Herufi mbili zinazofuata hutaja kinu. Na tarakimu nne za mwisho ni nambari ya shehena katika daftari la kinu hicho. Baada ya kukobolewa, buni huchekechwa na kupangwa kwa madaraja: AA ni punje kubwa, AB ni zile zinazofuata kwa ukubwa, PB ni punje moja ya mviringo katika tunda ambalo kwa kawaida huzaa mbili, na zipo C, E, TT na T.

Mambo mawili yadhihirika hapa. Kwanza, alama hizi hazina maana kwa asili yake. Hakuna chochote katika herufi A kinachomaanisha ukubwa. Maana imetokana na mapatano. Pili, kila alama hujibu swali moja tu. Nambari ya shehena hujibu kahawa imetoka wapi na lini. Daraja hujibu ni ya namna gani. Alama moja ikijaribu kujibu maswali yote, haijibu hata moja kwa uhakika. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba huu ni mfumo wa ishara kama mifumo mingine, na vifurushi vya Linux vimejengwa juu ya misingi hiyohiyo miwili.

3. Kifurushi na hazina

Linux, kwa maana iliyozoeleka, ni mfumo wa kuendeshea tarakilishi ambao maandishi yake ya programu yako wazi kusomwa, kunakiliwa na kurekebishwa na yeyote. Mfumo huo haukutungwa na kampuni moja. Umekusanywa kutoka maelfu ya programu zilizoandikwa na watu mbalimbali, na kwa sababu hiyo lilizuka tangu mapema swali la namna ya kuziunganisha. Miongoni mwa majibu ya awali ni mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Mradi huu huendeshwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, na kanuni zao zimeandikwa katika mwongozo mmoja unaojadiliwa na kurekebishwa hadharani. Kutokana na Debian ukazuka mwaka 2004 mfumo wa Ubuntu, uliochukua jina lake kutoka neno la Kibantu la kusini mwa Afrika ambalo Mswahili hulifahamu kwa sura ya utu.

Kifurushi ni faili moja iliyobeba vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni programu au data yenyewe, pamoja na maelekezo ya mahali kila kipande kitakapowekwa. Cha pili ni maelezo ya kifurushi: jina, toleo, mtunzaji, vitegemezi, na muhtasari wa yaliyomo. Hazina ni ghala ambamo vifurushi vingi vimewekwa pamoja na orodha yao, ili tarakilishi ya mtumiaji iweze kuuliza, kuchagua na kuchukua bila mtu kuingilia kati.

Hazina zinazotunzwa na jumuiya ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, kama ile ya Debian au sehemu ya Ubuntu iitwayo universe, kifurushi huandaliwa na mtunzaji anayejulikana na kupitishwa kwa utaratibu kabla ya kuingizwa. Katika namna ya pili, kama hazina ya watumiaji wa Arch Linux, kinachohifadhiwa si kifurushi kilichokamilika bali ni maagizo ya kukitengeneza, na mtumiaji hukitengeneza mwenyewe nyumbani kwake. Kwa mfano wa Tetu, namna ya kwanza ni kununua kahawa iliyokwisha pimwa na kupangwa kwa daraja. Namna ya pili ni kupewa maelezo ya mapishi na kuambiwa uyasome kwa makini kabla ya kuwasha moto. Onyo hilo la kusoma kabla si la mapambo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya nane.

4. Kanuni ya jina

Kwa mujibu wa mwongozo wa Debian, jina la kifurushi huandikwa kwa herufi ndogo a hadi z, tarakimu, alama za kujumlisha na kutoa, na nukta, basi. Lisipungue herufi mbili, na lianze kwa herufi au tarakimu. Herufi kubwa haziruhusiwi, wala alama juu ya herufi.

Pamoja na sheria hiyo kuna desturi ya kupanga majina kwa jamii. Orodha za maneno zitumiwazo na kisahihishi cha tahajia kiitwacho Hunspell hupewa jina la kisahihishi, kisha kistari, kisha alama ya lugha. Hivyo orodha ya Kiswahili huitwa hunspell-sw. Kwa desturi hiyohiyo, kifurushi cha orodha ya Gĩkũyũ kitapaswa kuitwa hunspell-ki, cha Kimeru hunspell-mer, na cha Kiembu hunspell-ebu. Msimamizi wa tarakilishi katika shule ya Wamagana au Karatina hahitaji kufahamiana na mtunzaji yeyote ili kukisia jina; akiijua desturi, atalijua jina.

Alama zenyewe hutoka katika viwango vya kimataifa vya majina ya lugha. Lugha chache zimepewa alama za herufi mbili, na zilizobaki alama za herufi tatu. Kiswahili ni sw. Gĩkũyũ ni ki. Kimeru na Kiembu, ambazo huzungumzwa upande wa pili wa Mlima Kenya, hazina alama ya herufi mbili, bali mer na ebu. Mwanaisimu atashangazwa na alama ya Gĩkũyũ. Katika Kiswahili, kilichochukuliwa ni mzizi, na kiambishi cha ngeli kikaachwa. Ndivyo ilivyo pia kwa Kinyarwanda, ambacho alama yake ni rw. Lakini katika Gĩkũyũ, kupitia umbo la Kikuyu lililozoeleka kwa wageni, kilichochukuliwa ni kiambishi cha ngeli peke yake. Lugha ya mamilioni ya watu imetambulishwa kwa kiambishi ambacho lugha nyingi za Kibantu zinacho kwa sura moja au nyingine.

Je, alama hiyo isahihishwe? Kwa upande wa sarufi, sababu ipo. Kwa upande wa hazina, kuibadilisha kungekuwa hasara, kwa maana kila kifurushi, kila mpangilio wa tarakilishi na kila andiko lililotiwa alama ya ki lingepoteza mwenyewe. Kanuni ya jina haidai kwamba jina liwe la haki kisarufi. Yadai kwamba lisiyumbe. Heshima ya jina sahihi huwekwa mahali pengine, kama ifuatavyo.

5. Kanuni ya maandishi

Ingawa jina la kifurushi limefungiwa katika herufi za Kilatini zisizo na alama, maelezo yake hayakufungiwa. Mwongozo wa Debian waagiza faili za maelezo ziandikwe kwa usimbaji wa UTF-8, ambao waweza kubeba herufi za takriban maandishi yote ya dunia. Hivyo kifurushi chenye jina hunspell-ki chaweza, na chapaswa, kueleza katika muhtasari wake kwamba kimebeba orodha ya maneno ya Gĩkũyũ, kwa tahajia kamili. Kwa mapatano haya kuna jina la nje kwa ajili ya mashine na jina la ndani kwa ajili ya watu.

Tahajia hiyo si mapambo. Gĩkũyũ ina irabu saba, na herufi ĩ na ũ huziwakilisha mbili kati yake, zilizo karibu na e na o za juu. Alama ya kiwimbi haihusiani hapa na unazali, kama ilivyo katika Kireno. Ni desturi ya tahajia iliyochaguliwa ili irabu saba zitoshe katika herufi tano. Mwandishi akiiacha, maana huharibika: iria ni maziwa, bali ĩrĩa ni kionyeshi chenye maana ya ile. Orodha ya maneno iliyoandikwa bila viwimbi ingemthibitishia mwanafunzi kosa lake.

Hapa kuna mtego ambao watunga orodha wengi huuingia bila kujua. Herufi ĩ yaweza kusimbwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza ni herufi moja kamili, yenye nambari U+0129, na ũ ni U+0169. Katika njia ya pili ni herufi mbili zinazofuatana, yaani i ya kawaida na kiwimbi cha kuunganisha chenye nambari U+0303. Kwenye kioo na kwenye karatasi njia hizi hazitofautiki kwa jicho, lakini mashine huyaona maneno mawili mbalimbali. Mwalimu akiandika Kĩrĩnyaga kwa njia ya pili, ilhali orodha imetungwa kwa njia ya kwanza, kisahihishi kitamwambia kwamba jina la mlima wake ni kosa. Desturi nzuri kwa mtunzaji ni kuigeuza orodha yote iwe katika njia moja, ile ya herufi kamili, kabla ya kuifunga, na kuieleza hatua hiyo katika maelezo ya kifurushi.

6. Kanuni ya mahali na ya utegemezi

Orodha ya Hunspell ina faili mbili. Moja hubeba maneno au mashina. Nyingine hubeba kanuni za viambishi, ili neno lisilazimike kuorodheshwa katika kila umbo lake. Hunspell ilitungwa kwa ajili ya Kihangari, lugha yenye viambishi tamati vingi, na kwa kawaida huweza kuondoa tabaka mbili za viambishi tamati na moja ya viambishi awali. Lugha za Kibantu huhitaji kinyume chake. Umbo kama hatutawasomea lina viambishi vinne kabla ya mzizi: cha ukanushi, cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa. Hunspell ina agizo la kugeuza mpangilio ili viambishi awali vipewe tabaka mbili, lakini hata hivyo mtunga orodha hulazimika kuunganisha viambishi kadhaa viwe kimoja. Kazi hii haiwezi kufanywa na mhandisi asiyejua mofolojia ya lugha yenyewe.

Faili hizo zikishatungwa, haziwekwi popote apendapo mtunzaji. Kuna kiwango cha mpangilio wa saraka za Linux, ambacho chanzo chake ni cha mwaka 1994, kinachoagiza kwamba data isiyotegemea aina ya mashine iwekwe chini ya saraka ya /usr/share. Kwa hiyo orodha za Hunspell katika Debian hukaa katika /usr/share/hunspell, na kila programu inayohitaji kusahihisha tahajia hujua pa kutazama. Majina ya faili hutaja lugha na nchi. Katika mkusanyo wa orodha za LibreOffice, Kiswahili kimewekwa kwa alama ya sw_TZ. Kwa mtumiaji wa Nyeri, ambaye mashine yake imepangwa kwa alama ya sw_KE, suluhisho halihitaji orodha ya pili. Kifurushi chaweza kuweka kiungo, ili jina moja liwe lakabu ya jingine. Tofauti za Kiswahili cha Nairobi na cha Dar es Salaam zikionekana kustahili orodha mbili, huo utakuwa uamuzi wa wanaisimu, wala si ajali ya jina la faili.

Utegemezi nao una sarufi yake. Kifurushi hutaja vifurushi vingine kinavyovihitaji kwa daraja tatu: ambavyo bila hivyo hakifanyi kazi, ambavyo mtumiaji wa kawaida angevitaka, na ambavyo vyaweza kumfaa mtu fulani. Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa kutenga kwa makini sharti, yapasa na yaweza. Mtunzaji anayetaja sharti palipo na yaweza humlazimisha mtumiaji wa kijijini kulipia mzigo asiouhitaji. Na pale ambapo data ya intaneti hununuliwa kwa kipimo, uteuzi huo wa neno huonekana katika gharama.

7. Kanuni ya toleo

Nambari ya toleo katika Debian ina sehemu mbili za kawaida: nambari iliyotolewa na mtunzi wa programu, kisha kistari, kisha nambari ya marekebisho ya mfungaji. Kwa hiyo 2.1-3 maana yake ni kazi ya mtunzi ya toleo la 2.1, iliyofungwa mara ya tatu. Tofauti hii ni ya haki, kwa kuwa humwezesha msomaji kujua kosa ni la mtunzi wa kamusi au la aliyeifunga.

Kiwimbi hutokea tena hapa kwa maana nyingine kabisa. Katika nambari ya toleo, alama ~ hupangwa kabla ya kila kitu, hata kabla ya mwisho wa nambari, ili toleo 1.0~1 lihesabiwe kuwa la kabla ya 1.0. Hutumiwa kwa rasimu zinazotangulia toleo kamili. Alama ileile ambayo katika Tetu hutenga irabu, katika hazina hutenga rasimu na kitabu.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote za toleo ni kwamba nambari hairudi nyuma, kwa sababu tarakilishi za watumiaji huchukua daima iliyo kubwa. Kanuni hii ilijaribiwa mwezi Machi 2024. Katika maktaba ya kubana data iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yaligunduliwa kuwa na mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliyegundua jambo hilo, na kulitangaza tarehe 29 Machi, alianza kwa kuona kwamba kuingia kwenye mashine kwa njia ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu ya sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha ingia katika sehemu za majaribio za Debian, ingawa hayakuingia katika sehemu iliyo thabiti. Watunzaji walitaka kurudi kwenye toleo 5.4.5, lakini nambari haikuweza kurudi. Walifunga kazi ya zamani kwa nambari 5.6.1+really5.4.5-1, ambapo neno la Kiingereza lililo katikati maana yake ni "kwa kweli". Mashine iliisoma nambari hiyo kuwa ni kubwa zaidi, ikaichukua. Mtu aliisoma akaelewa kwamba kilichomo ni 5.4.5. Kanuni haikuvunjwa, na ukweli haukufichwa.

8. Mtunzaji, yatima na leseni

Chanzo cha mkasa wa xz hakikuwa katika nambari bali katika utunzaji. Maktaba hiyo, iliyotegemewa na mashine nyingi mno, ilikuwa mikononi mwa mtunzaji mmoja wa kujitolea aliyelemewa na kazi. Mtu aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa na kupewa mamlaka. Sehemu ya hila hiyo iliwekwa katika furushi la toleo lililotangazwa bila kuwamo katika maandishi ya wazi ambayo wengine waliweza kuyakagua. Funzo lake kwa wafungaji ni kwamba kifurushi kitengenezwe kutoka chanzo kinachoweza kulinganishwa na cha wote.

Kila kifurushi cha Debian hutaja mtunzaji wake. Asiyeweza kuendelea hutangaza kwamba kifurushi ni yatima, ili kitafutiwe mlezi, na katika muda huo kundi la wajitoleaji hukiangalia. Uyatima usio na uangalizi ni hatari. Mwezi Julai 2018, katika hazina ya watumiaji wa Arch Linux, kifurushi kimoja kilichoachwa na mtunzaji wake kilichukuliwa na mgeni, aliyeongeza ndani yake amri za kupakua programu yenye nia mbaya. Kiligunduliwa upesi, lakini kilikwisha kuonyesha kwa nini maagizo husomwa kabla ya kutekelezwa, na kwa nini jina zuri la jana si dhamana ya leo.

Kanuni ya mwisho ni ya leseni. Tangu mwaka 1997, Debian imekuwa na tamko la masharti ambayo programu hutimiza ili ihesabiwe kuwa huru, na kila kifurushi hubeba faili ya haki za kunakili. Hapa ndipo kazi nyingi za lugha hukwama. Mtafiti hukusanya maneno kwa miaka, kisha huyatoa bila kusema nani ana ruhusa ya kufanya nini, akidhani ukimya ni ukarimu. Kwa mtunzaji, ukimya ni katazo, kwani pasipo leseni hana haki ya kunakili. Hali kadhalika, orodha iliyochotwa kutoka kamusi iliyochapishwa, mathalani Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, haiwezi kufungwa bila idhini ya wenye haki, hata ikiwa maneno yenyewe ni mali ya wasemaji wote.

9. Kazi zilizokwisha fanywa

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi katika mradi wa Kilinux, ilitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka 2010, katika warsha ya teknolojia ya lugha za Kiafrika iliyofanyika Malta, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na mwenzao wa Antwerp waliwasilisha kisahihishi huria cha tahajia ya Gĩkũyũ kilichojengwa juu ya Hunspell.

Mifano hii miwili yaonyesha sura mbili za swali moja. Mwaka huohuo wa 2010 sehemu kubwa ya watunzi wa OpenOffice ilijitenga na kuanzisha LibreOffice, na tangu hapo tafsiri yoyote iliyotaka kuendelea ilihitaji mtu wa kuihamisha. Na makala ya warsha, hata yakiwa bora, si orodha inayoweza kuchukuliwa na mashine ya mwalimu wa Tetu. Kati ya makala na mashine hiyo kuna hatua ambazo zimeelezwa hapo juu: jina lililo katika desturi, herufi zilizosimbwa kwa njia moja, faili zilizo mahali pake, toleo linaloweza kufuatiliwa, leseni iliyoandikwa, na mtunzaji ambaye atajibu barua.

Hatua hizo ni ndogo zikitazamwa moja moja, na hakuna hata moja inayotolewa shahada kwa ajili yake. Hiyo ndiyo sababu hurukwa. Idara ya lugha hupima kazi kwa makala yaliyochapishwa, na idara ya tarakilishi huipima kwa programu iliyotungwa. Utunzaji, ambao huendelea baada ya vyote viwili, hauna idara.

10. Hitimisho

Makala haya yameeleza kanuni za kufunga vifurushi kama mfumo wa ishara uliojengwa kwa mapatano, ambamo kila alama hujibu swali moja, na ambamo uthabiti wa alama hutangulizwa kuliko uzuri wake. Yameonyesha pia kwamba katika kifurushi cha lugha kuna maamuzi ambayo hayawezi kufanywa vizuri bila mwanaisimu: mpaka kati ya lugha na lahaja, tahajia, mpangilio wa viambishi, na uchaguzi wa istilahi. Maneno yaliyotumiwa humu, yaani kifurushi, hazina, mtunzaji, kitegemezi na yatima, yametolewa katika Kiswahili cha kila siku, na wahadhiri wenye maneno bora wana nafasi ya kuyapendekeza kabla mengine hayajazoeleka.

Nyeri ina mahali pazuri pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati yake mwaka 2012, kimo karibu na mji, kinafundisha sayansi ya tarakilishi, na kina shamba lake la kahawa. Katika eneo hilo wamo wasemaji wa Gĩkũyũ cha Nyeri, walimu wa Kiswahili, na vijana wanaojua kuandika programu. Mtu mmoja kutoka kila upande, wakikaa pamoja kwa muhula mmoja, wanaweza kuichukua orodha ya maneno iliyo na leseni, kuisafisha viwimbi vyake, kuifunga na kuiombea nafasi katika hazina. Kazi itakayobaki baada ya muhula huo ni ya kumpata atakayeitunza mwaka unaofuata, na hiyo ndiyo ambayo idara yapasa kuipangia mtu kabla ya kuianza.